Nafsi ya Kwanza, Umoja

Katika Shirika la Daraja hakuna mtu aliyewahi kuamua jambo. Mambo yaliamuliwa. Iliamuliwa chai inywewe saa nne, ikanywewa. Iliamuliwa kuta zipakwe rangi ya maziwa, zikapakwa, na ukiuliza nani kaamua unatazamwa kama mtu anayeuliza upepo ulipewa jina gani na mama yake. Watumishi walikuwa maelfu, wengine wamezaliwa humo humo kati ya kabati na kabati, na katika maelfu hao hapakuwa na kinywa kimoja kilichozoea kusema "nimeamua". Neno lenyewe walilijua, kama mtu anavyojua kuwa ana wengu tumboni. Hawakuwa na sababu ya kulitoa nje.

Kazi ya Shirika ilikuwa moja. Kati ya Mji na Ng'ambo palikuwa na uwanda mpana wa mchanga, na katika uwanda huo ulipita mto usiokaa mahali. Leo umepita karibu na michongoma, upande wa Mji. Kesho uko kule kwenye majabali meupe, upande wa Ng'ambo. Kesho kutwa uko katikati, umejinyoosha kama paka. Kila alasiri mto ulijivua umbo lake ukawa ukungu, ukaufunika uwanda wote. Aliyejaribu kuvuka ukungu ule kwa miguu alitembea, akatembea, akatokea pale pale alipoingilia, mara nyingine akiwa kijana zaidi kidogo. Alfajiri ukungu ulijikusanya ukawa mto tena, mahali pengine. Kwa hiyo kila alasiri Shirika lilitakiwa kulilaza daraja lake la mbao na kamba pale ambapo mto ungepita kesho yake. Hilo tu.

Lakini mkutano wa kujadili mto wa Jumanne ulianza Jumatatu ukaisha Ijumaa, na maazimio yake yakatekelezwa kwa uaminifu mkubwa: daraja lilijengwa penye mto wa Jumanne, juu ya mchanga mkavu. Lilipendeza. Wakubwa walipita juu yake, wakarudi, wakasifu kwamba halikutikisika hata kidogo.

Aliyeumizwa zaidi na uimara huo alikuwa Somoe Ngwali, mtumishi wa Shirika, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia chumbani kabla yake mwenyewe. Somoe alikuwa amechumbiwa na Faki, fundi vitanda wa Ng'ambo. Walikuwa wameonana kwa karibu siku moja tu, siku ambayo daraja lilipatia kwa bahati. Siku hiyo Somoe alivuka kwenda kununua kitanda akarudi na mchumba. Tangu hapo walipendana kwa kupiga kelele. Kila asubuhi, ukungu ukishakuwa mto, kila mmoja alisimama upande wake.

"Somoe!"

"Abee!"

"Kitanda kimekwisha!"

Wafua nguo wa pande zote mbili waliacha kufua wasikilize vizuri.

"Kikoje?"

"Cha mninga! Hakilii!"

Mto mzima uliangua kicheko. Somoe alijifunika uso kwa upande wa kanga. "Faki, watu wanasikia!"

"Waache wasikie! Ndio mashahidi!"

Ila kulikuwa na jambo ambalo Somoe hakuwa akilisema. Kila daraja lilipokosea, Ng'ambo ilirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu ukaachwa hewani, naye akaanza kuurudisha taratibu. Zamani alizisikia hata pumzi za Faki kabla hajasema. Sasa alilazimika kutega kiganja sikioni. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara nyingi hata mchele wa walima ukaliwa, ukanunuliwa mwingine, ukaliwa nao. Alijua kwamba iko asubuhi moja, haiko mbali, ambapo atasimama penye ukingo na kuona midomo ya Faki inafunguka, na hakuna kitakachomfikia.

*

Ndipo mtambo ulipoletwa. Karatasi zilizokuja nao ziliuita mtambo wa kusaidia maamuzi, lakini watu waliuita Nambie, kwa sababu ndilo neno la kwanza lililoandikika kwenye kioo chake ulipowashwa. Lilikuwa kabati refu la kioo, lenye sikio la shaba ubavuni. Ukiliambia sikio unayoyajua, Nambie aliyachanganya na ya wenzako, kisha akaandika anachodhani.

Shirika lilikuwa na desturi na mitambo. Wa kwanza ulikuwa ukibeba chupa za chai katika Idara ya Maji. Wa pili ulikuwa na joto zuri, na paka wa ofisi alishazaa juu yake mara mbili. Iliamuliwa huu wa tatu usimamiwe na Somoe, labda kwa kuwa kila aliyetajwa kabla yake alikuwa na udhuru.

Siku ya kwanza wakuu wa idara walikaa mbele ya kioo, mikono tumboni. Walikuwepo Mkuu wa Maji, mzee kidogo, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayelinda mlango; na Mkuu wa Kamba, mwanamke mpana, mchangamfu, mwenye viganja vigumu kama soli. Majina yao yalikuwa yamekwisha kulika kwa vyeo. Kila mmoja alikwisha kuliambia sikio la shaba mambo yake, na Nambie akaandika:

*Huenda mto wa kesho ukapita karibu na michongoma. Huenda, nasema. Nani anaamua?*

"Andika imeamuliwa," alisema Mkuu wa Maji.

*Na nani?*

"Na Shirika."

*Shirika ni nani?*

"Sote hapa."

*Tajeni mmoja.*

Mkuu wa Kamba alicheka peke yake kisha akajizuia. Mtu mmoja wa nyuma alipendekeza iundwe kamati ya kumtafuta huyo mmoja. Kamati ikaundwa, naibu kamati nayo ikachaguliwa, na walipomaliza, ukungu ulikuwa umeshaujaza uwanda na daraja liko pale pale, juu ya Jumanne ya zamani.

Somoe alibaki peke yake na Nambie. Alikitazama kioo, akaona uso wake umekaa juu ya lile swali.

Hapo aliwaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Kwamba kitenzi kinaweza kuwa nyumba ya kujificha. Ukisema *imeamuliwa*, umejenga nyumba isiyo na mlango wa mbele. Ndani yake jambo limetendwa, aliyelitenda hayumo. Watu elfu wanaweza kuishi humo bila kugongana. Hakuna wa kushukuriwa, ndiyo, lakini hakuna wa kulaumiwa pia, na mtu akipewa kuchagua kati ya hayo mawili yasiyokuwepo huchagua raha. Kumbe mtambo huu haukuja kuwaambia mto uko wapi. Hilo wangelibahatisha wenyewe, pengine. Umekuja kugonga mlango wa nyumba isiyo na mlango, na kuuliza: wenyewe mpo? Na mwenyewe ni nani? Mimi nikisema *mimi*, ni nani anayesema? Yule wa asubuhi anayepiga kelele mtoni, au yule wa saa nne anayekunywa chai iliyoamuliwa?

Kesho yake mto ulipita kwenye majabali meupe. Nambie alikuwa amekosea. Wakuu walifurahi sana, wakamletea paka.

*

"Bi Somoe, karibu. Chai?" Mkuu wa Maji alimpokea ofisini kwake, chumba kilichojaa vyungu kutoka sakafuni mpaka darini. Kila chungu kilikuwa na maji ya siku moja ya mto. Alitia kidole katika kimoja, akakilamba, akatikisa kichwa kama anayemkumbuka rafiki.

"Bwana Mkuu, nimekuja kwa heshima zote," alisema Somoe. "Maji uliyomwambia Nambie ni ya lini?"

"Ni maji."

"Ya lini?"

Mkuu alijishughulisha na kikombe. "Ya mwaka jana. Mazuri tu. Nimeyachuja."

Hivyo ndivyo walivyofanya wote. Hawakumdanganya Nambie, walimpa ukweli uliopigwa pasi. Watu wa Maji walimpa maji yaliyotulia. Watu wa Kamba walimwambia kamba ni fupi, wasije wakaongezewa mzigo. Naye Nambie, kwa adabu, alichanganya adabu zao akapata kosa.

"Kwa nini, Bwana Mkuu?"

"Nikuulize na mimi." Sauti ilishuka. "Nikimpa huyo Nambie wako kila kitu ninachokijua, mimi nitabaki na nini? Miaka yote hii mtu akitaka kujua mto anakuja hapa, anavua viatu mlangoni. Hata mke wangu nyumbani ananiita Maji."

"Na jina lako hasa?"

Mkuu aliangalia vyungu kama vile jina limo katika kimojawapo. "Lina *sha* mahali fulani," alisema hatimaye, kwa haya.

Somoe hakucheka, ingawa kicheko kilikuwa kimefika kooni. "Sijui utabaki na nini," alimwambia. "Ningekuahidi kitu ningekuwa mwongo. Mimi najua tu nina mtu ng'ambo ya pili, na sauti yake inapungua."

Alipomsindikiza mlangoni, Mkuu alimsindikiza mpaka nje kabisa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

*

Basi Somoe aliazimia kupanda kwa Mkurugenzi Mkuu.

Jengo la Shirika lilikuwa hivi: habari zilichelewa kupanda, na kwa hiyo kadiri ulivyokwenda juu ndivyo ulivyokwenda zamani. Chini kulikuwa leo. Ghorofa ya pili ilikuwa juzi, bado wananong'ona juu ya mambo yaliyokwisha. Huko juu kabisa ilikuwa bado kipupwe cha mwaka usiokumbukwa, na watu wa chini wakiitwa huko walibeba masweta.

Kwenye ngazi za kati alipishana na Somoe mwingine. Hakushtuka, kwani alikumbuka: kwenye ghorofa hiyo ulikuwa bado ule mwaka aliposhuka kutoka kuomba mtambo wa kwanza. Yule mdogo alikuwa amekumbatia makaratasi, macho yanang'aa.

"Shikamoo," alisema Somoe mdogo.

"Marahaba."

"Umenenepa. Raha au mawazo?"

"Raha. Nimepata mchumba."

"Wee! Na mtambo? Wataukubali?"

Somoe alimtazama, akamhurumia, akampenda. Angemwambia nini? Kwamba mtambo utaishia kubeba chupa za chai? "Wataukubali," alisema. "Ila usiishie kuwaonyesha mtambo. Waulize wanaogopa nini." Yule mdogo akaitikia kwa haraka, kama watu wanavyoitikia wasichokisikia, akaendelea kushuka.

Mkurugenzi Mkuu alikuwa amejifunga koti na skafu, anakunywa chai ya tangawizi, mbele ya dirisha ambalo nje yake daraja lilikuwa linazinduliwa. Bendi ilikuwa inapiga. Mto ulikuwa chini ya daraja, sawasawa.

"Unaona?" alisema kwa furaha. "Linafanya kazi vizuri sana."

"Mheshimiwa, hiyo ni siku ya uzinduzi."

"Siku nzuri."

"Mheshimiwa, chini tuna mtambo unaouliza nani anaamua, na hakuna anayejibu. Kila mkuu anamtazama mwenzake, na wote wanatazama juu. Juu ndiko hapa."

Mkurugenzi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. "Mpango mzuri. Iamuliwe."

"Sijaja kuchukua neno, Mheshimiwa. Nimekuja kukuchukua wewe."

Mkurugenzi aliinua macho. Alikuwa na uso mpole, na kwa mara ya kwanza Somoe aliona kuwa mtu huyu hakuwa na kiburi. Alikuwa na woga.

"Huko chini," aliuliza, "ni lini?"

"Ni leo."

"Leo kuna nini?"

"Kuna jua kali. Kuna mihogo ya kuchoma langoni. Na mto haupo chini ya daraja."

Mkurugenzi aligeukia dirishani, akaisikiliza bendi mpaka mwisho wa wimbo, maana alikuwa mtu mwenye adabu. Kisha akaweka kikombe chini.

Walishuka. Ghorofa ya kwanza kushuka alivua skafu. Ya pili akavua koti, kwa sababu vuli ilikuwa imeingia. Akavua sweta, akavua tai, akakunja mikono ya shati, na walipofika chini alikuwa baba mmoja wa kawaida mwenye jasho puani. Hakuna aliyemtambua. Mkuu wa Kamba, aliyekuwa uwandani akipanga watu wake, alimwona amesimama mikono mitupu.

"We baba! Usisimame kama nguzo. Shika huku!"

Akashika.

"Unaitwa nani?"

"Khatibu," alisema Mkurugenzi Mkuu, akashangaa mwenyewe, kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta pipi ya utotoni.

Wakati huo Nambie alikuwa ameletwa uwandani kwa mkokoteni, na ukungu ulikuwa umeanza kujinyanyua kutoka kwenye maji. Kioo kiliandika kama kawaida: *Huenda katikati, nyuma ya michongoma. Nani anaamua?* Kamati haikuwa imemaliza kazi yake. Watu walisimama. Somoe alisimama nao.

Nani. Mimi? Mimi nani. Mimi wa kanga hii. Nikikosea watasema ndiye yule. Watanionyesha kwa kidole sokoni. Basi wanionyeshe, kidole hakichomi. Nikipatia je? Nikipatia nitavuka. Nikinyamaza sitakosea kamwe, nitakuwa sawa mpaka nizeeke, nitakuwa sawa upande huu. Faki, umesema hakilii. Ee, kinywa, funguka.

"Mimi," alisema katika sikio la shaba. "Somoe Ngwali. Naamua daraja lilazwe nyuma ya michongoma."

Nambie akaandika, kwa herufi ambazo hakuwa amezitumia kabla: *Ahsante, Somoe.*

Daraja likalazwa.

Asubuhi mto ulikuwa umepita kando ya daraja. Kando kidogo tu, mtu angeweza kurukia. Somoe alifika mwisho wa mbao, akaona ukingo wa pili uko karibu kuliko ulivyowahi kuwa, akakunja kanga, akaruka, na akatua kwenye maji kwa kishindo kilichowarusha kunguru. Aliibuka na majani kichwani. Mji mzima ulikuwa umejaa ukingoni, kimya, wanasubiri kuona mtu aliyekosea anavyokufa.

"Nimekosea!" alisema Somoe. "Mimi. Nimekosea mimi!" Kicheko chake kikatoka, kikubwa, na maji puani.

Mbingu hazikuanguka. Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Neno likakimbia kwenye jengo ghorofa kwa ghorofa: amekosea, amesema mwenyewe, na yuko hai, anakamua kanga. Juu huko ambako ilikuwa bado zamani walilipokea kama unabii.

Mkuu wa Maji aliingia mtoni na viatu vyake akampa mkono. "Si wewe peke yako," alimnong'oneza akimvuta. "Maji ya mwaka jana."

"Mwambie Nambie. Usiniambie mimi."

"Nitamwambia." Akasita. "Shaame," alisema ghafla. "Ni Shaame! Lina *sha* mwanzoni."

*

Kuanzia siku hiyo kazi ilianza kufanana na kazi. Shaame alimhamishia Nambie vyungu vyake kimoja kimoja, na badala ya kubaki mtupu alijikuta akipata wageni wengi zaidi, kwa sababu Nambie aliuliza maswali ambayo ni yeye tu aliyeweza kuyajibu: *Shaame, kwa nini maji ya jana yana uchungu?* Mkuu wa Kamba alikiri kwamba kamba zake ni ndefu, tena ndefu sana, zinafika mpaka majabali meupe. Na siku aliyotaja jina lake, Mwanamvua, alilitaja kwa kuliimba. Khatibu hakurudi juu. Alichukua meza karibu na lango, mahali harufu ya mihogo inapofika. Walipokuja kugundua kuwa ni Mkurugenzi Mkuu, Mwanamvua alishika kichwa.

"Mheshimiwa, na mimi nilivyokukaripia!"

"Endelea tu," alisema Khatibu. "Bado sijajua kufunga fundo."

Mkutano ulifanyika ukungu unaponyanyuka, wamesimama, miguu mchangani, na ukaisha kabla ukungu haujawafika magotini. Walikosea siku hii, siku ile wakakosa kwa upana wa ubao mmoja tu, na kila mara kulikuwa na mtu wa kumuuliza: ulionaje? Watu walianza kupenda kuulizwa.

Lakini Ng'ambo ilikuwa imekwenda mbali. Asubuhi ya mkesha wa harusi Faki aliita, na kilichomfikia Somoe kilikuwa kama mlio wa mbu. Aliona mikono yake inachora kitu hewani: kitanda, miguu minne. Somoe akajibu kwa mikono. Daraja likikosea tena kesho, hata mikono haitaonekana.

Alasiri hiyo Nambie aliandika: *Huenda michongoma. Leo sina hakika sana.*

"Majabali," alisema Shaame, ametia kidole kwenye maji, amekilamba. "Nampenda Nambie kama ndugu, lakini maji haya yana ladha ya jiwe. Naandikisha jina langu."

Wote wakamgeukia Somoe. Naye, aliyepigania mtambo huo kwa nguvu zake zote, alisimama kati ya kabati na mtu. Akimfuata Shaame, kuna watakaosema walijua siku zote kwamba mitambo ni ya kuwekea chai. Akimfuata Nambie, Shaame atarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Na nyuma ya yote hayo, kitanda cha mninga. Aliinamia sikio la shaba.

"Nambie. Je, kama nyote wawili mko sawa?"

*Hilo halijawahi kuulizwa,* kioo kiliandika. Kisha: *Inawezekana. Mto unaweza kugawanyika.*

"Kamba zangu zinatosha sehemu mbili," alisema Mwanamvua. "Mbao nazo, likikatwa katikati."

Watu waliguna. Daraja kukatwa! Lilikuwa halijakatwa tangu uzinduzi. Mtu mmoja alianza kusema, "Pengine iamu..." akajisikia mwenyewe, akakohoa.

"Mimi, Khatibu, naamua," alisema Khatibu, akiinua mkono wake wenye malengelenge ya kamba. "Likatwe. Nikikosea, mnajua meza yangu ilipo."

Misumeno ikaimba ndani ya ukungu. Nusu moja ililazwa kwenye michongoma. Nusu ya pili ilikokotwa kwa kamba ndefu za Mwanamvua mpaka kwenye majabali meupe, watu wakizishika ili ukungu usiwarudishe walikotoka, na waliokwenda nayo walirudi wakisema huko waliona, kwa mbali, taa ya karakana.

*

Asubuhi ukungu ulijikusanya, ukasita, ukagawanyika kama nywele zinazochanwa. Tawi moja likapita kwenye michongoma, chini ya nusu ya kwanza. Tawi jingine likapita kwenye majabali, chini ya nusu ya pili. Katikati palibaki kisiwa cha mchanga mbichi ambacho jana hakikuwepo, na hakikuwa cha Mji wala cha Ng'ambo.

Shaame na Nambie walipongezwa wote wawili, na wote wawili wakawa wagumu kusemeshwa kwa nusu saa.

Somoe alivuka kwa nusu ya kwanza akiwa na wanawake wa Mji na ngoma. Kutoka nusu ya pili alikuja Faki, mrefu, mabega yana vumbi la mbao, na nyuma yake wanaume wa Ng'ambo wamejitwika kitanda kichwani, kama jeneza la furaha. Aliposimama mbele yake, Somoe aliona kitu ambacho kelele za miaka zilikuwa zimemsahaulisha: kwamba Faki ana kidoti kidogo juu ya mdomo, na kwamba akiwa karibu ni mtu wa haya.

"Ndiyo wewe," alisema Faki, polepole.

Kadhi alikuwa amekuja naye. Mwari husemewa na kimya chake, lakini mjane lazima atamke. Basi kadhi akamfuata Somoe alipoketi na wanawake wenzake, akamuuliza kama amekubali.

"Nimekubali!" alisema Somoe, kwa sauti ile ile aliyozoea kuivusha mto, ingawa Faki alikuwa kwenye mkeka wa pili tu. Kadhi aliziba sikio. Vigelegele vikapaa kutoka pande tatu.

Walikula. Pilau ilitoka Mji, samaki wa kupaka walitoka Ng'ambo, na majirani ambao hawakuwahi kuonana waligombana kwa raha kuhusu pilipili. Alasiri ilipokaribia, maji yalianza kutoa moshi, na kila mtu akajua ukungu unakuja. Warudi? Walale hapa kisiwani? Na kisiwa chenyewe kitakuwepo kesho, au kitaamka ni mto? Kwa mazoea, nyuso zote zikamgeukia bibi harusi.

Somoe alikuwa na tonge mkononi. Alilitia kinywani, akalitafuna bila haraka, akalimeza.

"Leo mimi nina mume," alisema. "Amueni."

Wakatazamana. Kisha Shaame akasema yeye anaona wabaki, na Mwanamvua akasema yeye anaona watoto warudi kwanza na wakubwa wabaki, na mwanamke wa Ng'ambo ambaye hakuwa hata mtumishi wa Shirika akasema yeye hamjui yeyote hapa lakini harudi nyumbani kabla halua haijaletwa. Khatibu akapanda juu ya kitanda asikike. Kitanda hakikulia. Kila mmoja alisema *mimi*, mmoja baada ya mwingine, wengine pamoja, kwa makelele makubwa, mpaka ukungu ukafika, ukawasikiliza kidogo, na usiwaguse.